Dawa sijakosa hata siku moja, mbona virusi vimepanda?

*Assalamu alaykum Bi Mfamasia, na shikamoo. Mimi ni mvuvi, naishi upande wa Wete, Pemba. Mwaka huu ni wa 4 natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kile kidonge kimoja kwa siku. Majibu yangu ya wingi wa virusi siku zote yalikuwa "havionekani". Juzi nimepimwa, nikaambiwa 1,460. Mshauri akanikazia macho: "Wewe dawa umeacha." Wallahi sijakosa hata siku moja. Tokea Ramadhani nameza nikishafuturu, na Ramadhani ilipokwisha nikaendelea saa ile ile, baada ya chakula cha usiku. Mke wangu anajua hali yangu, naye hana virusi. Je, dawa imechoka? Na jengine dogo: kiungulia kinanitesa tokea mfungo ule, kila nikimaliza kula natafuna magnesiamu mbili. Kuna dawa kali zaidi ya hiyo?*
*Mvuvi, Wete*

Waalaykumu salamu mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukuuliza chupa unaiweka wapi. Mara ya pili jicho likanasa kwenye hilo "jengine dogo", ulilonitupia mwishoni kama nyongeza ya sokoni. Mimi naona jibu lako limo humo.

Kidonge chako kina dawa 3 ndani yake: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Hiyo dolutegraviri haipatani na magnesiamu. Zikikutana tumboni hushikana, na zikishashikana haziingii kwenye damu, zinakwenda zake na choo. Walipopima watu waliomeza dolutegraviri pamoja na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na alumini, walikuta karibu robo tatu ya dolutegraviri haikufika kwenye damu. Kwa hiyo nakuamini unaposema hukukosa siku. Kumeza umemeza, lakini huenda kilichofika damuni ni kidogo tu.

Kosa hili si lako peke yako. Miaka yote niliyosimama dirisha la dawa tulikuwa tukiuliza, "Umekosa dozi ngapi?" Kuuliza "Na nini chengine unatafuna?" hatukuwa nako. Mimi mwenyewe siku moja nilimpa bi mmoja chupa yake kwa mkono wa kulia na pakiti ya magnesiamu kwa wa kushoto, nikamwambia anywe na maji mengi, nikaita namba inayofuata. Mpaka leo nikimkumbuka naona haya.

Sasa fanya hivi. Kidonge cha virusi kitangulie, kisha zipite saa 2 ndipo utafune magnesiamu. Ukiwa umeanza na magnesiamu, subiri saa 6 ndipo umeze kidonge chako. Katika Ramadhani hesabu yake ni nyepesi: meza unapofuturu, mfano saa 12 na nusu jioni, na kiungulia kikikushika, magnesiamu iwe kuanzia saa 2 na nusu usiku. Ukiitafuna wakati wa daku pia haina neno, kwani mpaka futari ya pili saa nyingi zitakuwa zimepita. Lakini na hizo bajia na kachori zipunguze, mwanangu. Tumbo lililoshinda bure halafu likapakiwa mafuta lazima lilalamike. Na kiungulia cha miezi mtu hakitafuni tu akanyamaza, kamuone daktari.

Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo vina ugomvi huo huo, ila hivyo ukivimeza pamoja na dolutegraviri katikati ya chakula havidhuru. Tumbo likiwa tupu, fuata saa zile zile, 2 kabla au 6 baada. Halwa na kahawa, kwa wanaoniuliza kila mwaka, kuleni.

Kliniki usiikimbie kwa sababu mshauri alikukazia macho. Rudi, na hiyo pakiti ya magnesiamu itie mfukoni ukamuonyeshe. Zaidi ya 1,000 ni namba ya kufuatiliwa. Kawaida mtu husaidiwa amezee dawa sawasawa, kisha hupimwa tena baada ya miezi 3 hivi. Ikiwa bado iko juu, ndipo huangaliwa kama virusi vimeshakuwa sugu. Dawa usiibadilishe mwenyewe, wala usimeze viwili ukidhani unafidia.

Mkeo sasa. Virusi vilipokuwa havionekani ulikuwa humwambukizi. Kwa 1,460 ahadi hiyo haipo, basi tumieni kondomu mpaka majibu yakae sawa, naye aende akapime na aulize dawa za kujikinga. Mwambie wewe, tena leo, asije akasikia kwa watu.

Suala la chupa bado ninalo, kwa sababu wavuvi nawajua. Mmoja alikuwa akienda dago, kambi ya uvuvi, wiki tatu, na kwa kuogopa wenzake kambini alivihamishia vidonge kwenye kopo la iliki. Alipokuja kunionyesha, vimevimba, vimegandana viwili viwili, vinanukia kama chai ya harusini. Dawa hii haitaki unyevu. Iache kwenye chupa yake, ifunge barabara, na kile kijipakiti cha ndani usikitoe, ndicho kinachonyonya maji. Chupa ikikutia wasiwasi, bandua karatasi yake kabla hujapanda chomboni. Na majibu yakishakaa sawa, kabla ya dago omba upewe ya miezi 3 au 6.

Ukisahau, meza pale pale unapokumbuka, isipokuwa zikiwa zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata. Hapo iache iliyopita, umeze inayofuata peke yake.

*Bibi, shikamoo. Nimeanza dawa za kifua kikuu na hizi za virusi nilikuwa nazo kabla. Muuguzi kaniongeza chupa nyengine, ndani mna dolutegraviri tupu, nimeze usiku. Naona kakosea, nimeiweka kabatini.*
*Msichana wa Jang'ombe, Unguja*

Marahaba mjukuu wangu. Hakukosea. Ndani ya dawa zako za kifua kikuu mna rifampisini, nayo hulifanya ini liichome dolutegraviri upesi mno, kidonge kimoja hakifiki kesho. Ndiyo maana unapewa cha pili, saa 12 baada ya kile cha asubuhi, na utaendelea nacho mpaka wiki 2 baada ya kumaliza dawa za kifua kikuu. Kitoe kabatini ukimeze leo usiku, na kesho mwambie muuguzi zimepita siku ngapi.