Muhuri wa kikundi unalala kwa nani?

*Wasomaji wanauliza, Bibi anajibu. Bibi ni afisa maendeleo ya jamii mstaafu, aliyefanya kazi mkoani Tanga kwa miaka 29.*

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni binti wa miaka 26, mweka hazina wa shirika dogo la vijana hapa Tanga mjini. Tunafundisha ushonaji, tuna masomo ya jioni kwa wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, na timu mbili za mpira. Mwenyekiti ndiye mwanzilishi. Alianza mwaka 2009 kwa fedha zake, akauza mpaka pikipiki yake tukapata vyerehani vinne vya kwanza. Namheshimu kama baba. Lakini uchaguzi wa mwisho ulifanyika 2016, na katiba yetu inasema kila baada ya miaka mitatu. Muhuri anatembea nao kwenye begi. Akisafiri, hakuna barua inayotoka. Mwezi uliopita aliniletea hundi tatu tupu nizitie saini, akasema atazijaza mwenyewe akifika dukani kwa sababu bei ya vitambaa hupanda na kushuka. Nilisaini moja. Mbili nikamwambia nitampa kesho. Mpaka leo sijampa, na sasa salamu yake imebadilika. Wenzangu wanasema nisimvunjie mzee heshima. Nifanye nini? – *Mweka hazina, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hundi, mengine yatangoja. Zile mbili mrudishie kama zilivyo, bila saini, na umrudishie mbele ya katibu. Ile moja uliyosaini, fungua kitabu cha hundi uangalie kishina chake, kile kipande kinachobaki kitabuni. Kimeandikwa nini? Kama ni cheupe, nenda benki uchukue taarifa ya akaunti uone hundi hiyo ilitoa kiasi gani, kisha umwombe mwenyekiti risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya kiasi hicho hicho. Sisemi kwamba ameiba. Mtu aliyeuza pikipiki yake anunue vyerehani vya watoto wa watu hahitaji kuiba vitambaa. Ninachosema ni kwamba siku hesabu zikigoma, saini itakayosomwa ni yako, na kauli ya "alisema atajaza dukani" haijapata kumwokoa mweka hazina yeyote niliyemfahamu.

Kuhusu bei kupanda na kushuka, dawa yake ni ya zamani: aende dukani, achukue profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, arudi nayo ofisini, hundi ijazwe mezani na watu wawili wakiwepo. Ni safari mbili za bodaboda. Ghali kidogo, najua.

Na niseme hili kwa kuwa limenikaa rohoni. Katika vikundi vingi nilivyovisajili, mwenyekiti alikuwa mwanamume na mweka hazina msichana. Ukiuliza sababu, wanakwambia "wasichana ni waaminifu." Sawa, ni waaminifu. Lakini ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mwenyekiti, na jina lililoitwa ofisini kwangu kueleza upotevu lilikuwa la msichana.

Sasa muhuri. Mwaka nisioutaja, katika wilaya nisiyoitaja, nililea kikundi kinachofanana na chenu kama pacha. Mwenyekiti alikuwa mtu wa watu, mcheshi, anajua kila mtoto kwa jina la nyumbani. Muhuri ulikuwa wake. Ulikuwa umechakaa hata herufi ya kwanza ya neno "Vijana" haichapi, kwa hiyo barua zao zote ziliandikwa "ijana", nasi ofisini tulikwisha zoea. Ikatokea mfadhili mmoja anagawa vyerehani kumi, anataka barua ya maombi yenye muhuri na saini kabla ya Ijumaa saa tisa. Jumatatu mwenyekiti alikuwa amepanda basi kwenda Mwanza, msibani. Muhuri ulikuwa kwenye begi.

Vijana wakaja kwangu wamekauka midomo. Nikawaambia waende kwa fundi mihuri pale sokoni achonge mwingine. Fundi akawaambia, sawa, nileteeni barua ya kikundi ya kuomba kuchongewa muhuri. Yenye muhuri. Wakarudi kwangu, na Mungu anisamehe, nilicheka. Mwisho wakampigia mwenyekiti, akautuma kama kifurushi kwa basi. Ulifika Jumamosi, umefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Vyerehani vilishakwenda kata nyingine.

Kosa hilo lilikuwa la nani? Miaka mingi nilimlaumu mwenyekiti. Siku hizi najilaumu na mimi. Sisi maofisa tuliwapenda wenyeviti wa namna ile kwa sababu walitupunguzia kazi. Mgeni akija kutoka mkoani, unapiga namba moja ya simu, vijana hamsini wanatoka na fulana na wimbo. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja, "Wewe ukiugua, nani anaijua nywila ya barua pepe yenu?" Tukamsifia kwenye kila mkutano, tukampa vyeti, naye akaamini kikundi ni yeye. Nani asingeamini?

Kwa hiyo mwenyekiti wako usimwendee kama mwizi. Mwendee kama mtu aliyebeba mzigo peke yake kwa muda mrefu, ambaye hakuna aliyemwomba autue.

Kabla hujaenda, soma katiba. Si ile ya kwenye simu ya katibu, bali ile iliyopelekwa wakati wa usajili, maana ndiyo inayotambulika. Nakala yake iulizie ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu. Soma vifungu vitatu tu: muda wa uongozi, nani ana haki ya kuitisha mkutano mkuu, na nani wanaotia saini benki. Kama mmesajiliwa kama NGO chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, kila mwaka mnapaswa kupeleka kwa Msajili taarifa ya shughuli pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Mkaguzi atataka kuona mihtasari ya vikao, hati za malipo na vishina vya hundi, naye hajali nani aliuza pikipiki.

Nenda asubuhi, nyumbani kwake au mahali anapokunywa chai, na ufuatane na mmoja wa wale walioanza naye mwaka 2009. Usilipeleke suala hili kwenye kundi la WhatsApp. Narudia, usilipeleke WhatsApp. Nimeona mashirika mazima yakifa kwa ujumbe mmoja wa sauti uliotumwa saa nne usiku. Mkifika, anza na vyerehani vyake vinne. Taja wasichana waliotoka pale na leo wana meza zao za ushonaji, wataje kwa majina. Kisha sema, "Baba, hesabu za mwaka huu zinatakiwa kukaguliwa, na mimi peke yangu naogopa." Hilo ni kweli, na si tusi.

Ombeni mambo mawili tu siku hiyo. La kwanza, muhuri ukae kwenye kabati la ofisi pamoja na daftari, na kila ukitumika iandikwe tarehe, barua ya nini, na nani kaugonga. La pili, tarehe ya mkutano mkuu. Msitaje nani agombee wala nani ang'oke.

Najua unachowaza: akitoka kwenye uenyekiti, atakwenda wapi? Kuna kiti ambacho sisi tunakijua vizuri, nacho ni cha mlezi. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Umri wa mwenyekiti wako hujanitajia, nami sikuulizi, ila aliyekuwa na pikipiki ya kuuza mwaka 2009 leo hakosi mvi mbili tatu. Mvi si kosa. Vijana wanamhitaji mtu mzima anayejua kuzungumza na diwani na kumtuliza mzazi mwenye hasira. Ila andikeni kwenye katiba mlezi anafanya nini na hafanyi nini. Anashauri, anawatambulisha, anaalikwa kwenye mkutano mkuu. Hatii saini benki. Nimeona walezi waliopewa shada la maua saa nne asubuhi, na saa nane mchana bado wanasaini hundi.

Akikataa katakata, rudi kwenye kile kifungu cha kuitisha mkutano. Katiba nyingi zinawaruhusu wanachama wa idadi fulani kuomba mkutano maalumu kwa maandishi. Hapo mtakuwa wengi, si wewe peke yako. Na ukiona wenzako wanarudi nyuma mmoja mmoja, jiuzulu uweka hazina kwa barua, na usiondoke bila makabidhiano: daftari la fedha, vitabu vya risiti, kitabu cha hundi na namba ya hundi ya mwisho, taarifa ya benki ya siku hiyo. Asaini anayepokea, asaini shahidi, na nakala ibaki kwako. Iweke mahali ambapo mchwa hawafiki.

SWALI: Bibi, mwanangu wa kiume ana miaka 15, amechaguliwa kuwa katibu wa klabu ya michezo na mazingira mtaani kwetu. Baba yake anasema watu wazima wanamtumia na masomo yatashuka. Je, mtoto anaweza kweli kuwa kiongozi wa shirika? – *Mama wa watatu, Korogwe*

JIBU: Anaweza, na mfano haupo mbali. Nairobi, katika mitaa ya Mathare, kuna chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kwa kifupi MYSA. Kilianza mwaka 1987, mwanzilishi wake ni Mkanada anayeitwa Bob Munro, lakini kilichokifanya kisimame ni watoto wa palepale. Ligi zilipangwa kwa kanda, na kamati za kanda ziliongozwa na vijana wenyewe, wengi wao wa umri wa kwenda shule. Walikuwa na kanuni moja ninayoipenda kuliko zote: timu ikisafisha mtaa wake, ikazoa taka na kuzibua mitaro, inaongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Unaweza kutoka sare Jumamosi na bado ukapanda kwa koleo. Vijana waliojitolea kufundisha wenzao au kuchezesha mechi nao walijikusanyia pointi, na pointi hizo ziliwasaidia kupata ada ya shule. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Mtoto anayeweza kupanga ratiba ya timu thelathini uwanja ukiwa mmoja, mama, huyo ni kiongozi kuliko wengi tuliowapigia kura.

Lakini baba yake naye ana hoja, usimpuuze. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Basi mwanao aandike mihtasari, apange ratiba, azungumze kwenye mkutano, lakini asitie saini ya fedha wala mkataba, na asitumwe peke yake kwenda kukusanya michango. Nenda mwenyewe kwenye kikao kimoja, ukae nyuma. Muulize mtu mzima anayewasimamia ni nani, na vikao vinakwisha saa ngapi. Kama vinavuka magharibi, hamisheni. Kisha mwombe mwanao akuoneshe muhtasari alioandika. Ukikuta ameandika kwa mkono wake maneno ya watu wazima kama "kuwezesha mnyororo wa uendelevu", jua kuna mtu anamwandikisha. Ukikuta ameandika "goli la kusini halina wavu", mwache aendelee.

SWALI: Viongozi wa kikundi chetu cha kusaidia vijana hujilipa posho ya kikao shilingi 20,000 kila mmoja. Wako saba. Zamani walikaa kila mwezi, sasa ni kila wiki. Wanasema kazi zimeongezeka. Ni halali? – *Mwanachama, Muheza*

JIBU: Fungua katiba na bajeti mliyoipitisha. Kama posho haimo, si halali yao hata kama ni desturi. Kama imo, iliwekwa kwa vikao vingapi? Nauli ya mtu aliyetoka kijijini mrudishieni, hiyo sina ugomvi nayo. Kisha ombeni mihtasari ya vikao sita vya mwisho muisome kwa kufuatana, kama mnasoma hadithi.

Nilifanya hivyo kwenye kikundi kimoja, miaka hiyo. Ajenda namba nne ilikuwa "ununuzi wa mipira miwili." Kikao cha kwanza ikaahirishwa. Cha pili iliundwa kamati ndogo. Cha tatu kamati ndogo haikuwa tayari. Cha nne walijadili rangi. Cha tano akidi haikutimia, lakini waliofika walilipwa. Posho ya kikao kimoja tu ingetosha kununua mipira yote miwili, pampu na nyavu. Mpira ulinunuliwa baada ya kikao cha sita. Mmoja.