Una 40,000 na watu 9 nyumbani? Kaa kitako nikusimulie

Juzi usiku nilipata ujumbe wa binti mmoja anayenisoma. "Dada, shikamoo. Krismasi hii nakwenda nyumbani Muheza, ni miaka 2 sijaenda. Ukitoa nauli nina 40,000, na nyumbani wako watu 9. Niwapelekee nini wasinicheke?"

Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Hilo neno "wasinicheke" limenitonesha kidonda, maana mimi nilishachekwa. Tena sikuchekwa kwa kukosa hela, nilichekwa nikiwa nazo.

Mwaka jana nilirudi nyumbani Tanga kwa Idi ya Fitri. Kwetu ni Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na mtu akitoka Dar habari zake zinafika barabara ya pili kabla hajatua begi. Mwaka huo nilikuwa nimejipinda. Nilikuwa nimenunua Kariakoo seti ya hotipoti, 4 za ukubwa mbalimbali, zina maua ya dhahabu, kwenye boksi lake. Nimelipakata lile boksi kilomita kama 350, Chalinze, Segera, Muheza, miguu imekufa ganzi, nakataa hata konda asilitie kwenye buti.

Nikafika. Nikamkuta wifi yangu, mke wa kaka, ametangulia na jiko la gesi la plati 4.

Mama alinishukuru, sikatai. Lakini shangazi alikuwa amekaa pale kwenye mkeka na kipepeo chake cha kujipepea, akatazama jiko, akatazama boksi langu, akasema taratibu: "Haya. Kila mtu na riziki yake."

Kwa mgeni hayo ni maneno mazuri tu. Mtanga mwenzangu unajua yamebeba nini. Nililia bafuni, nikanawa uso, nikatoka nacheka. Zile hotipoti mpaka leo ziko juu ya kabati, na nailoni yake haijatolewa. Kila nikienda naziona. Sijui mama anazitunza au amezisahau, na sijawahi kuuliza, naogopa jibu.

Sasa siku ileile ya Idi nikaona kitu ambacho ningekiona miaka mingi nyuma kama nisingekuwa nimeshughulika na maua ya dhahabu. Kwetu pilau ikishaiva, kabla sisi wenyewe hatujala, yanatoka masinia ya majirani. Pilau, nyama juu, kachumbari kwenye kibakuli, ndizi mbivu pembeni. Enzi ya bibi sinia lilifunikwa kwa kawa, lile kawa la ukindu lenye ncha, la zambarau na kijani. Ukimwona mtoto anapita na kawa kichwani unajua sinia limetoka nyumba gani, maana kila nyumba ilikuwa na rangi zake. Bibi alipofariki kawa likabaki, panya wakalitoboa kwenye ncha, likaoza. Siku hiyo mama alifunika sinia kwa khanga, akafunga mafundo chini. Mpaka mtoto anafika kwa jirani, khanga imelowa mafuta ya pilau na kachumbari imemwagika.

Nikasema moyoni, basi, nimejua ninachokileta mwakani.

Hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujafikiria kununua au kutengeneza, tazama nyumbani pamepungua nini. Tazama hasa. Usiulize, maana mama ukimuuliza atakwambia "njoo tu mwanangu, sitaki kitu."

Nilirudi Mbagala nikamfuata bi mkubwa mmoja jirani yangu, mtu wa Mafia, ambaye kila jioni hukaa barazani anasuka. Nikamwambia nataka kujifunza kawa. Akaniangalia kucha zangu, zilikuwa za kubandika. Hakusema kitu. Kesho yake nikaja sina kucha.

Watu wanadhani ukindu ni majani tu. Ukindu unaununua kwa mafungu ukiwa mkavu. Unachemsha maji na rangi ya unga, unautumbukiza mpaka rangi ikolee, unauanika. Kisha unachana jani kwa ukucha, tena ukucha wako mwenyewe, upana uwe sawasawa, la sivyo ukili unatoka na meno kama msumeno. Kabla ya kusuka unaulowesha ulainike, ukiusuka mkavu unakatika kama tambi. Halafu unasuka ukili, ule utepe mrefu, na hapo huna kawa bado. Kawa ni kushona: unaanza nchani, unazungusha ukili na kuushona kwa shazia, ile sindano nene, mzunguko juu ya mzunguko. Ukivuta sana linachongoka kama pia. Ukilegeza linalala kama ungo. Bi mkubwa alikuwa anavuta bila kutazama, huku anapiga soga na wauza samaki.

Nilianza kusuka Ramadhani imebaki siku 10. Cheka tu, nimeruhusu. Nilijiambia usiku baada ya futari nitakuwa nasuka. Nani asuke, tumbo limejaa uji na tambi? Kwa kipimo cha bi mkubwa nilihitaji kama pima 6 za ukili, pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Siku ya safari nilikuwa na pima 2 na kidogo.

Kwa hiyo mwaka huo nilikwenda nyumbani mikono mitupu, na fungu la ukindu kwenye mfuko kama mtu aliyetoka shamba. Njiani pale Muheza nikanunua machungwa kupitia dirishani, angalau nisiingie hivihivi.

Ilikuwa tarehe 29 ya mfungo. Redio iko wazi, watu wanasubiri tangazo la mwezi, watoto wanaingia na kutoka wanauliza kama kesho ni Idi. Mama alikuwa anapima mchele wa zaka ya Fitri kwa kopo lake la kibaba, vibaba 4 pishi, pishi moja kwa kila kichwa, anahesabu kwa sauti ili asikosee. Akauona mfuko wangu. Akautia mkono, akatoa ukili.

"Nani kasuka hivi?"

"Mimi, mama."

Akaupitisha kati ya vidole, akanusa, akaukunja. "Umekaza ubavu mmoja. Ndiyo maana unapinda." Na palepale akafumua kama nusu pima. Wallahi moyo ulinichomoka, kazi ya usiku 4 ile! Kisha akaketi, akaniambia nilete maji ya kulowesha, akaanza kusuka. Vibaba vikabaki chini, ikabidi kaka ndiye aendelee kuhesabu.

Shangazi akasogea. Na wifi yangu, yule wa jiko la gesi, akavuta kigoda, akachukua ncha ya pili. Ni mtu wa Pangani yule. Jamani, anasuka! Vidole vinakimbia huwezi kuvifuata. Miaka 7 tuko naye kwenye familia nilikuwa namjua kwa viatu vyake na jiko lake. (Bado hatujawa marafiki sana, nisidanganye. Lakini tangu siku ile nikimpigia simu kaka, namwomba na yeye.)

Tangazo likaja kwamba mwezi umeandama. Nje takbira zikaanza, na sisi tuko chini tumezunguka beseni la maji, ukindu umetapakaa, mchele wa pilau haujachaguliwa, iliki haijamenywa, mchele wa vitumbua uliorowekwa asubuhi haujapelekwa mashineni. Tulikesha. Sijawahi kuwa na usiku wa Idi kama ule, na sikuwa nimenunua hata kijiko.

Mkate wa sinia niliopika mimi usiku huo uliungua, tusiuzungumzie sana. Nilipalia makaa mengi mno juu ya mfuniko, nikaenda kusikiliza hadithi ya shangazi. Juu mweusi, katikati uji. Ukaliwa na kuku.

Kawa halikuisha. Asubuhi watu wamekwenda kuswali, wamerudi, tumepeana mkono wa Idi, watoto wamepewa sarafu zao na kukimbilia kwenye bembea, na sinia la majirani likatoka tena na khanga. Shangazi akalitazama likitoka. Nikangoja neno lake. Akasema, "Idi kubwa haiko mbali."

Na kweli haiko mbali, ndiyo hesabu ninayotaka uishike. Idi ndogo ni tarehe 1 ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Idi kubwa ni tarehe 10 ya Mfunguo Tatu. Katikati pana siku 67 hadi 69, inategemea miezi imeandama vipi. Ukikosa ya kwanza una miezi 2 na zaidi ya kumalizia. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, Idi ya mwakani itakufikia mapema kuliko unavyodhani, usikariri tarehe ya mwaka huu. Nyinyi wa Krismasi mna bahati, yenu haihami. Desemba 25 ni Desemba 25, huna pa kusingizia. Anza mapema.

Nilimaliza kushona siku 5 kabla ya Idi kubwa, Mbagala, chini ya macho ya bi mkubwa. Limetoka kombo. Ukiliweka mezani linaegemea kulia kama mzee anayesikiliza redio. Bi mkubwa alilizungusha mara 2, akasema, "Litafunika." Kutoka kwake hiyo ni sifa, na mimi nimeipokea kama sifa. Nikalivaa kichwani ndani ya basi kutoka Segera kwa sababu lilikuwa linabonyea. Abiria walinicheka na mimi nikacheka nao, kwa raha zangu.

Sasa turudi kwako, binti wa Muheza, maana naona nimejisimulia mwenyewe tu.

Usigawe 40,000 kwa 9. Ukigawa unapata 4,444 kila mtu, na hakuna kitu cha 4,444 ambacho hakitaonekana ni cha 4,444. Tafuta kitu kimoja kikubwa cha nyumba nzima, kitoke mikononi mwako, na vidogo vya kula. Kama ndiyo hujawahi kushika ukindu, usianze na kawa kama mimi mjinga, anza na kipepeo. Jioni 2 au 3 umemaliza, na jiko la mkaa halijaondoka Muheza. Sasa hivi Novemba maembe yameanza: kata mabichi, tia chumvi, pilipili, anika juani mpaka yalegee, jaza kwenye chupa ulizozichemsha, umepata achari ambayo hata Februari watakukumbuka wakila ubwabwa. Kashata za nazi ni nazi, sukari na iliki, basi. Zikate vipande vya mraba, zifunge kwenye karatasi. Visheti vinakaa wiki nyingi bila kuharibika, vinafaa safari. Na yote hayo uyaanze mapema, usinifuate mimi na siku zangu 10.

Lingine, usiende umemaliza kila kitu. Hili nalisema na watu wananibishia. Acha kazi kidogo ikafanyikie nyumbani. Nazi zikakuniwe huko, kwa mbuzi ya mama yako, mdogo wako akamue tui kwenye kifumbu. Mimi kama ningefika na kawa limekwisha usiku ule wa mwezi, wangesema "zuri", wangelitundika, tukaenda kila mtu na simu yake. Ninyi mnaokwenda nyumbani na maboksi ya keki yaliyofungwa kwa utepe mnawanyima watu kazi, na mtu asiye na kazi jikoni siku ya sikukuu huwa ananuna. Nimewaona. Mimi mwenyewe nimenuna.

Na kuchekwa utachekwa. Kila familia ina shangazi. Wako akisema neno, mpe kisu na vitunguu.

Utauliza kawa langu liko wapi, nilipigie picha. Sina. Siku ya Idi kubwa lilikwenda na sinia kwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama wa Kibondei, Mwanglikana, ambaye bibi alikuwa akimpelekea tangu mimi sijazaliwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, kawa halijarudi. Mwezi uliopita nikampigia mama nikamwambia aliulizie, isije ikawa limetumika kufunikia vifaranga. Mama akanijia juu. "Utaniaibisha wewe. Sinia hairudi tupu, na Krismasi haijafika."