Mtangamano, muungano au shirikisho?

Swali: Naandika makala ya historia kuhusu wanasiasa na wataalamu waliotaka nchi za Afrika Mashariki ziwe kitu kimoja. Nimewaita "mtandao wa kuvuka mipaka wa muungano wa kisiasa". Mhariri amekataa. Nimekosea wapi?

Jibu: Umekosea mara mbili, na kosa la "muungano" ndilo zito, maana linapotosha historia yenyewe. Muungano ni wa vitu vilivyokwisha kuungana. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964 zikawa nchi moja. Hapo neno limekaa mahali pake. Jumuiya ya Afrika Mashariki haijafika huko. Mkataba wake wa mwaka 1999 unataja Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha, na mwishowe Shirikisho la Kisiasa. Safari yote ya kupita hatua hizo ndiyo mtangamano. Shirikisho ni umbo la dola linalokusudiwa mwishoni, ambamo kila nchi inabaki na serikali yake na baadhi ya mambo yanakabidhiwa serikali ya juu. Nyerere, Kenyatta na Obote walipotoa tamko lao Nairobi tarehe 5 Juni 1963, waliahidi shirikisho. Ukiandika "muungano", msomaji atadhani unazungumzia ule wa 1964.

Wapo wanaoandika "utangamano" kwa maana ileile ya mtangamano. Ni afadhali neno hilo libaki kwa watu wanaoishi kwa kuelewana, jambo lisilohitaji mkataba.

Sasa "mtandao wa kuvuka mipaka". Maji ya kunywa ni ya kunywewa, kalamu ya kuandikia ni ya kuandikia. Basi mtandao wa kuvuka mipaka utasomeka kama wa kuvushia watu, pengine hata magendo! Tumia kirejeshi: mtandao uliovuka mipaka.

Kisha taja wenye mtandao, kwa kuwa neno likiachwa peke yake humpeleka msomaji kwenye intaneti. Hapa angalia mwaka. PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati, ilipoundwa Mwanza, Septemba 1958, waliokutana walikuwa vyama vya kupigania uhuru, bado havijashika serikali. Kuwaita "watunga sera" ni kuwavika cheo kabla ya wakati. Kwa kipindi hicho andika: "mtandao wa vyama vya siasa uliovuka mipaka". Ukifika miaka ya baada ya uhuru: "mtandao wa watunga sera uliosukuma mtangamano wa kisiasa".