Nyuma ya Kabati Hapapigwi Vanishi

Kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam, ukitaka kumjua fundi mgeni mwangalie anavyopiga msasa. Anaanza na namba 80, msasa mkali (namba ikipanda msasa unakuwa laini), kuondoa alama za randa, anakwenda 120, anafika 220, halafu haachi. Anatafuta 320, anatafuta 400, anasugua mpaka ubao unang'aa kabla hata ya tone la vanishi. Fundi mzoefu haendi huko. Anajua kwamba baada ya 220 mkono wa mteja hautagusa tena ubao, utagusa vanishi. Anajua na jambo la pili: ubao ukilainishwa kupita kiasi hauinywi rangi vizuri, na kabati linatoka limepauka. Yaani jasho la ziada limeiharibu kazi iliyokuwa nzuri.

Ninaendesha karakana ya samani, na fedha inayobaki, ikibaki, naiweka kwenye hatifungani za serikali, yaani mkopo unaoipa serikali ikakulipa riba, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kwa hiyo swali la "nitajuaje kwamba hii inatosha?" linanijia kutoka pande zote mbili. Fundi anauliza kama meza iende kwa mteja. Mdogo wangu anauliza kama riba ya mnada huu wa hatifungani inafaa au asubiri ujao. Wote wawili nawajibu jambo moja: kinachotosha kiandike kabla hujaiona bidhaa, bei au riba yenyewe, na uanze na yale ambayo yakiharibika hayarekebishiki. Ukingoja mpaka uwe mbele ya muuzaji ndipo ujiulize, utajijibu kwa tamaa au kwa woga.

Kwenye samani, yasiyorekebishika ni machache sana. La kwanza ni ukavu wa mbao. Kitanda cha sita kwa sita ukikitengeneza Dar kwa mbao ambazo hazijakauka sawasawa, kinaweza kukaa vizuri miezi kadhaa kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu. Kipeleke Dodoma. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, oda za Dodoma zimekuwa za kawaida kwetu, na hewa ya Dodoma ni kavu, haina huruma na mbao. Ubao unasinyaa, maungio yanaachia, kitanda kinaanza kulia usiku. Kukitoa Dodoma, kukileta Dar, kukifungua na kukirudisha kunaila faida yote na kugusa mtaji. Kwa hiyo mbao mbichi haiingii kwenye kitanda, hata mteja apige simu mara ngapi, hata iwe mninga safi kwa bei ya kutupa.

La pili ni maungio yenyewe, maana ndiyo yanayobeba uzito wa watu. La tatu ni karatasi: mbao zisizo na hati ya kusafirishia kutoka TFS, wakala wa serikali wa misitu, sinunui, kwa sababu zikikamatwa njiani hakuna ufundi utakaoziokoa. Hapo orodha yangu imekwisha. Wapo watakaoongeza mambo kumi zaidi, lakini nimeona kwamba karakana yenye mambo kumi na tatu yasiyoguswa huishia kuyagusa yote, kwa kuwa fundi hawezi kuyalinda yote siku ya Ijumaa jioni gari likiwa limeshafika mlangoni.

Mengine yote yanaruhusiwa kutosha tu. Nyuma ya kabati panaegemea ukuta, kwa hiyo tunaweka plaiwudi nyembamba isiyopigwa vanishi. Ndani ya droo tunapiga msasa mara moja ili mtu asichomwe na vibanzi. Fundi wangu mmoja haafikiani nami, anasema kazi ya mtu inaonekana pale asipotazamwa. Namheshimu kwa hilo. Lakini namuuliza: mteja akiiona tofauti, ataongeza bei? Ilipokuja oda ya kabati la kugawanya sebule, linaloonekana pande zote mbili, nyuma pakapigwa vanishi sawasawa na mbele, na mteja akalipa kwa sababu ndicho alichotaka.

Swali hilo la bei linasaidia zaidi ukifahamu fedha imelala wapi. Tuseme kabati ni shilingi 1,200,000 na mteja ametanguliza nusu. Ile 600,000 ya kwanza imeishia kwenye mbao, bawaba, gundi na posho za mafundi. Faida yako yote iko kwenye 600,000 ya pili, na hiyo hailipwi mpaka kabati lifike kwake. Kila siku unayoongeza kusugua kitu ambacho mteja hatakigusa, unamkopesha yeye bila riba huku kodi ya karakana inahesabu. Nimewaona mafundi hodari kuliko mimi, wenye mikono ya dhahabu kabisa, wakikosa fedha za mbao za oda inayofuata wakati makabati matatu yamesimama ndani, kila moja likiwa "limebakia kidogo tu".

Ukitaka kujua kama unaboresha au unakwepa, angalia kama unaweza kutaja kwa sentensi moja kasoro unayoiondoa. "Mlango wa kushoto unagusa chini" ni kasoro, irekebishe. "Naona bado haijakaa vizuri" mara nyingi ni hofu ya kumkabidhi mteja na kusikia atakachosema.

Kununua nako kuna ugonjwa wake. Mtu anatafuta mashine ya randa, anapita duka hili na lile, anapiga picha, anaomba bei, anaambiwa kuna mzigo mwingine unakuja mwezi ujao. Wakati huo kila ubao anaupeleka kwa jirani kupigwa randa kwa malipo. Wanahisabati wana fumbo maarufu kuhusu jambo hili: kama unaonyeshwa vitu kimoja kimoja na huwezi kurudi kwa ulichokikataa, tazama kama asilimia 37 ya mwanzo bila kuchukua chochote, kisha chukua cha kwanza kinachozidi vyote ulivyoviona. Ni kanuni nzuri, ila sharti lake ni hilo la kutorudi nyuma. Kwenye mbao za Buguruni unaweza kurudi kesho na muuzaji yule yule akakuuzia, kwa hiyo hakuna haja ya hesabu hizo. Zunguka mpaka ujue bei ya soko ikoje, kisha nunua ya kwanza inayopita vigezo ulivyoviandika. Tofauti itakayobaki kati yake na ile bora kabisa ni ndogo kuliko malipo ya randa kwa jirani.

Ukihamia kwenye uwekezaji, jambo ni lile lile ila kishawishi kimegeuka sura. Kwenye karakana tunachelewa kwa sababu tunataka kazi iwe bora zaidi. Kwenye uwekezaji tunachelewa kwa sababu tunalinganisha na riba ya jana.

Mfano mzuri ni hatifungani za miaka 25. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuziuza kwa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwenye hatifungani za shilingi 10,000,000 alikuwa anapata 1,595,000 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili, 797,500 kila baada ya miezi sita. Mwaka uliofuata, hatifungani mpya za muda huo huo zikatoka na riba ya asilimia 12.56. Kwa kiasi hicho hicho ni 1,256,000 kwa mwaka. Walionunua mwanzo hawakuguswa, wao wanaendelea na 15.95 mpaka hatifungani zao ziive, yaani muda wake uishe. Ila wengi waliokuwa wakijipanga walikasirika. Waliona wanadhulumiwa 339,000 kila mwaka, wakaamua kuacha fedha benki mpaka "riba irudi".

Riba ilirudi kweli, baadaye ikavuka tena asilimia 15. Waliosubiri walicheka, na wengine bado wanaieleza habari hiyo kana kwamba waliijua. Sikubaliani nao, na sababu yangu haihusiani na nani alipata zaidi. Wakati ule mfumuko wa bei nchini ulikuwa kati ya asilimia 3 na 5. Mtu ambaye lengo lake lilikuwa kupata riba inayozidi mfumuko wa bei kwa pengo la kutosha, kutoka kwa serikali, kwa fedha asiyoihitaji karibuni, asilimia 12.56 ilimpa alichokitaka. Kilichomuumiza kilikuwa kumbukumbu ya 15.95. Na aliyesubiri hakuwa na tarehe. Hakuandika popote kwamba "nisipoona asilimia 14 kufikia mwezi fulani nitanunua iliyopo". Kusubiri kwa namna hiyo kunaweza kukulipa mara moja na kukufunga mikono miaka yote inayobaki.

Hatifungani zina faida nyingine katika hesabu hii: mlango wa kutokea upo. Unaweza kuiuza kwa mwekezaji mwingine kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam kabla haijaiva, kwa bei ya soko ya siku hiyo, iwe juu au chini ya uliyonunulia. Tena kiwango cha kuanzia ni shilingi 1,000,000, kwa hiyo huna haja ya kuingiza kila kitu siku moja. Uamuzi ambao unaweza kuugawa vipande na kuutoka haustahili miezi sita ya kuumiza kichwa. Kwa hisa nakuwa mkali kidogo, kwa sababu za baadhi ya kampuni kwenye soko letu zinaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi, na mlango ulioandikwa "kutoka" ukiwa umefungwa si mlango.

Ardhi iko upande wa pili kabisa. Hapo neno "inatosha" silitumii mpaka mwisho. Kiwanja kikiwa kizuri, bei nzuri, muuzaji mcheshi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa yuko tayari kugonga muhuri kwenye hati ya mauziano, wengi huona imetosha. Muhuri huo ni ushahidi kwamba mmeuziana. Hauthibitishi kwamba aliyekuuzia ndiye mwenye haki ya kuuza, wala kwamba eneo halijatengwa kwa barabara au halijawekwa rehani. Nenda ofisi ya ardhi wakafanye upekuzi wa kumbukumbu, tembea mipaka pamoja na majirani, ulizia familia ya muuzaji kama kuna mirathi isiyokwisha. Watakwambia kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho. Mwache aje. Nyumba ikishasimama juu ya kiwanja chenye kesi, fedha yako imegeuka tofali ambazo huwezi kuzihamisha.

Kundi jingine nalihukumu haraka, tena kwa upande wa kukataa. Mtu akikuletea mpango wa fedha, uliza nani amempa kibali cha kupokea fedha za umma: Benki Kuu, au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Akianza kueleza ukubwa wa faida badala ya kutaja kibali, mazungumzo yameisha. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha shughuli za DECI, iliyokuwa ikikusanya fedha za watu kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu, na waliokuwa bado hawajavuna walibaki na daftari. Faida iliyoahidiwa pale ilikuwa kubwa kuliko ya hatifungani yoyote. Lakini kwenye orodha yangu ya yasiyorekebishika upande wa fedha, inayoanza na kibali, haikupita hata mstari wa kwanza.

Kuajiri ndiko ninakoona ugumu zaidi, kwa sababu kuko katikati. Fundi mzuri uliyemwambia "nitakupigia" kesho utamkuta karakana nyingine, na fundi mbaya ukishamzoea ni vigumu kumwondoa, hasa akiwa ameletwa na shemeji. Njia yangu ni kuufanya uamuzi uwe mdogo: nampa kazi moja ya kulipwa, stuli au meza ndogo ya sebuleni, kwa mbao zangu na bila kumsimamia. Sitazami uzuri wa umbo. Nageuza stuli juu chini na kutazama maungio, kisha nauliza mbao zilizobaki ziko wapi. Akipita hapo anaanza Jumatatu, hata kama nimesikia kuna mwingine hodari zaidi huko Manzese.

Jambo la mwisho ni lini uvibadilishe vigezo vyenyewe, maana bei hupanda na mahitaji ya nyumbani nayo hayakai pale pale. Vibadilishe siku ambayo hakuna mtu mbele yako anayekuuzia chochote, na isiwe siku ambayo umetoka kulipwa. Mimi hupitia karatasi yangu mwishoni mwa Januari, ada za shule zikiwa zimeshalipwa, kwa sababu Desemba kila mtu anajiona tajiri.