Vijana wa bata, Njugu hakujua kwamba magugu maji si nchi kavu

Jumamosi iliyopita nilijibanza kwenye mafunjo upande wa Ziwa Kyoga na vijana wanne, tukiwinda bata. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado, mbu wameamka kabla yetu. Mmoja akawasha tochi ya simu kutafuta soksi. Mwingine, ambaye nampenda kama mwanangu, alikuwa amemfunga mbwa njuga shingoni. Njuga! Wazee wetu waliwafunga mbwa njuga wakisaka vichakani, wapate kujua mbwa yuko wapi. Bata naye angependa sana kujua mbwa yuko wapi. Wote tuliowaona asubuhi hiyo tuliwaona mikia.

"Mzee, leo bata hawapo," akaniambia.

Walikuwepo. Basi naandika, nisije nikayarudia haya kila wikendi mpaka kaburini.

1. Karatasi za bunduki na kibali cha UWA, wale wa mamlaka ya wanyamapori, viwe mfukoni, si "kwenye gari". Na kibali ukisome: kinataja ndege gani? Korongo taji, huyo wa kwenye bendera, hata mtutu usimwelekezee kwa mzaha.

2. Nguo za mabaka ulizoagiza mtandaoni ziache huko huko. Bata hatakuona, ila wanajeshi watakuona, na hapa Uganda raia kuvaa kinachofanana na sare yao ni kesi. Koti kuukuu la kijani linatosha. Kinachong'aa ni uso wako, inamisha kichwa.

3. Sikiliza kwanza. Bata wale wadogo wenye uso mweupe hula zaidi usiku, alfajiri wanarudi majini wakipiga mluzi wa sauti tatu. Ukiusikia, meza chapati yako na unyamaze. Kusema kweli mimi huamkia dakika hizi kuliko risasi yenyewe: ukungu umelalia maji, chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha themosi, rafiki zako kwa mara moja maishani hawabishani siasa, na mbwa anatetemeka ameegemea goti lako. Masikio yake yanageuka kabla wewe hujasikia kitu. Mtazame yeye, anga achana nayo.

4. Bata akipita zaidi ya hatua 40, mwache aende zake.

5. Jua atakapoangukia. Hapa kaeni chini.

Nilikuwa na mbwa jike, rangi ya karanga, tukamwita Njugu. Nilimfundisha kuleta kwa kandambili niliyoifunga manyoya ya bata, na kwa miaka miwili hakuniangusha hata mara moja. Asubuhi ile tulikuwa watatu. Jamaa yangu alikuwa na bata watatu miguuni na hakuacha kuwahesabu kwa sauti. Mimi sina kitu. Akatokea bata bukini, yule mweusi mkubwa mwenye mwiba kwenye bawa, akikata kuelekea ziwani. Nilijua akianguka ataangukia magugu maji. Nilijua, sitaki kudanganya. Nikafyatua.

Alianguka hatua kama thelathini, katikati ya zulia la kijani lenye maua ya zambarau. Ukiwa ukingoni unaona bustani. Jamaa akasema, "Acha, tungoje mtumbwi." Mimi nikasema, "Njugu, lete."

Alinitazama mara moja. Halafu akaruka kama anayerukia majani ya uwanjani. Hatua mbili tatu zilimbeba, maana mashina ya lile gugu yamejaa hewa, kisha zulia likafunguka. Chini yake mizizi inaning'inia kama nywele ndefu, na miguu yake ikanasa humo. Kila alipopiga teke, majani yakajifunga juu yake. Nikaona kichwa, kisha pua, kisha majani yakitikisika tu. Hakubweka. Nilitupa bunduki kwenye mafunjo, risasi ya pili imo ndani (msinitukane, nimeshatukanwa), nikaingia hadi kifuani, buti zikazama kwenye tope. Jamaa alinishika mkanda huku akinilaani kwa lugha ya kwao. Mungu alikuwa macho. Mamba walikuwa wamelala.

Mvuvi aliyekuwa akitoa nyavu ndiye aliyesukuma mtumbwi kwa upondo mpaka pale, akamvuta Njugu kwa ngozi ya shingo, mdomo umejaa mizizi. Akanitazama. "Mzee, mbwa huyu ni wako au wa adui yako?"

Bata bukini nilimpa yeye. Sikuweza hata kumgusa.

Njugu alipona, baada ya kukohoa wiki nzima na sindano za daktari wa mifugo. Ila kwenye maji yenye kijani hakuingia tena. Nikisema "lete", alikwenda hadi ukingoni, akakaa, akanigeukia. Miaka sita aliyobaki nayo, bata wake niliwaleta mimi.

6. Mvuvi mlipe jioni ya kuamkia safari, si bata akishaelea. Bunduki itolewe risasi kabla ya kupanda mtumbwi.

7. Maji haya yana kichocho, usijifanye kiboko. Ndege mnyonyoe akiwa bado na moto. Bata bukini mzee ni tairi, mchemshe mpaka mkeo alalamike kuhusu mkaa.

Jumamosi ijayo tunarudi. Kijana wangu amezifungua njuga, akaziweka mfukoni mwa suruali. Anasema hapo hazitalia. Jana alikuja nyumbani kuazima themosi, nikamsikia tangu getini.