Vijiko 15 na mlima wa Ipogolo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Kwa ugonjwa usioisha kwa dozi ya wiki moja, ni badiliko gani la maisha limekusaidia, na lipi limekupotezea muda?" Naanza na lililonipotezea muda, maana ndilo lililonilia hela.

Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa mjini. Nilikuwa nakaa miezi mitatu, minne, sijaona siku zangu. Safari moja ikafika mitano. Kidevuni zikaota ndevu, nikawa nazing'oa alfajiri kabla mume wangu hajaamka. Mama mmoja anayetembeza dawa akanitazama tu usoni, akasema kizazi kimejaa uchafu. Nikanunua chupa tatu za kukisafisha, 45,000. Kilichosafishika ni pochi.

Baadaye nikapimwa damu na ultrasaundi, nikaambiwa nina PCOS, tatizo la homoni linalovuruga ovari na hedhi. Daktari alinichorea ovari nyuma ya karatasi, duara lenye vidoti pembeni kama kitambaa cha polka. Akasema vidoti vile si uvimbe wa kukatwa, ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani. Na havitoshi peke yake kumwambia mtu anaumwa; kwa mtu mzima wanatafuta mawili kati ya matatu: hedhi iliyovurugika, homoni za kiume zilizozidi, na ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wanayo. Siku hizi nikishona sare za sendofu za kina mama 30, najikuta nawahesabu kimoyomoyo: hapa wapo watatu wanne, na huenda hawajui.

Kilichonifungua macho ni habari ya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kwa wengi wetu mwili hauisikii vizuri, kwa hiyo kongosho linamwaga nyingi zaidi, na hiyo iliyozidi inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Kumbe chai yangu na ndevu zangu ni ndugu!

Daktari alimaliza kwa kusema "punguza mwili", maneno ninayoyasikia tangu darasa la sita na hayajawahi kunipunguza hata gramu. Nikaamua kwanza nijichunguze siku moja bila kubadili kitu. Fundi anakaa, na anayekaa analetewa chai. Vikombe vitano tangu asubuhi hadi jioni, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Vijiko 15! Na mandazi mawili ya saa nne, na soda mteja akifurahi. Sikuacha vyote siku moja, ningekosana na kila mtu. Nilishuka hadi vijiko viwili, kimoja, kisha nusu. Ilichukua kama miezi miwili, na sasa chai ya sukari nyingi naiona kama dawa ya kikohozi. Ugali bado nakula, mimi ni mtu wa Iringa jamani. Ila ni dona badala ya sembe, tonge zimepungua, na sahani imejaa mnafu na maharage. Wapo wanaouza "mlo maalumu wa PCOS". Daktari aliniambia hakuna mlo uliothibitika kuipita mingine. Bora ule unaoweza kudumu nao.

La pili ni mlima. Nakaa Ipogolo, kazi iko juu mjini, na anayeijua barabara ile anajua inavyopanda. Nilikuwa napanda daladala. Nikaanza kupanda kwa miguu siku nne kwa wiki. Siku ya kwanza nilisimama mara nne nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Natumia kama dakika 50, yaani 200 kwa wiki, wakati tunashauriwa angalau 150. Juni na Julai, baridi inapouma, naruka siku. Sijisemi vibaya.

Mizani niliiweka pembeni, natumia futi kamba yangu mwenyewe. Kiuno kilikuwa inchi 41, sasa 38. Nilipopima kliniki, kutoka kilo 84 nilikuwa 78. Nimeelezwa kuwa hata kupungua asilimia 5 ya uzito kunaweza kuirudisha hedhi kwenye mstari, na kwangu imekuwa hivyo: sasa inakuja kila siku 35 hadi 45. Lakini msimwambie kila mwenye PCOS apungue. Wifi yangu anayo na ni mwembamba kama sindano namba 9.

Ndevu hazijaondoka. Zimepunguza kasi, basi. Metformini, dawa ya kuusaidia mwili uisikie insulini, bado nameza, na usiku wa kukimbizana na sare bado unaniharibia. Nikipata usingizi wa saa nne tu, kesho yake nautafuta utamu kama nyuki. Mama mkwe anauliza kila sikukuu, nami namjibu tunaendelea na matibabu.

Moja ningependa dada zangu walishike. Zikipita siku 90 bila hedhi na huna mimba, nenda hospitali, usifurahie mapumziko. Ukuta wa kizazi unazidi kunenepa, na miaka ikienda hivyo hatari ya saratani inapanda. Mimi niliwahi kupewa vidonge vya kuirudisha hedhi. Na pima mimba kwanza: yai linaweza kupevuka kabla hujaona damu yoyote, ukashangaa.

Tarehe zangu naziandika kurasa za mwisho za daftari la oda, nyuma ya vipimo vya wateja. Leo ni siku ya 33, na kuna magauni 28 yanasubiri vifungo.

Fundi wa Ipogolo, Iringa