Mtoto wa Darasa la Tatu Asiyejua Kusoma: Anzia Pale Alipokwama

Kabla hujasema mtoto hawezi, kaa naye peke yake dakika tano. Mpe silabi, halafu maneno, halafu aya fupi, mwishoni hadithi. Ndivyo wanavyopima Uwezo, shirika linalopima usomaji wa watoto huku kwetu. Anapokwama ndipo pa kuanzia. Wengine wamekariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzao, kwa hiyo gusa neno la katikati ya mstari umwulize linasomekaje.

Nafundisha darasa la tatu shule ya serikali. Kila Januari napokea watoto wanaoimba "ba be bi bo bu" bila shida, lakini wakikutana na "mba" au "nywa" wananyamaza. Hao nawaweka pamoja, watano au sita, na kadi za silabi hizo tu, dakika 20 za asubuhi, siku nne kwa wiki. Ila nusu ya darasa ikihitaji kikundi hicho, achana na vikundi kwanza: somo la darasa zima ndilo halijaeleweka, lirudie kwa njia nyingine.

India, shirika la Pratham limewapanga watoto wa darasa la tatu hadi la tano kwa kiwango cha kusoma badala ya umri. Mimi naliamini jambo hilo, kwa sharti moja: mtoto asikae kikundini mpaka mwaka uishe. Wapime tena kila baada ya wiki mbili au tatu, anayevuka atoke. Wala usikiite kikundi cha wazito. Watoto wanasikia, na nyumbani wanayasema.

Wapo watakaobaki palepale. Kwa hao, usiongeze silabi kabla ya kuangalia masikio na macho. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Tazama kama anasogeza daftari karibu na uso. Ukiwa na shaka, zungumza na mzazi ampeleke kituo cha afya. Muulize pia kama mtoto anakunywa hata uji kabla ya kuja shule. Ukishajua hayo, mfundishe peke yake, silabi tatu kwa siku, aziandike kwa kidole mchangani huku akizitamka. Fimbo weka mbali kabisa. Mtoto mwenye hofu anakisia tu ili muda upite.

Mwombe mwalimu mkuu zile dakika 20 za asubuhi ziingie kwenye ratiba ya shule. Zisipoandikwa, zitaliwa na kusahihisha madaftari na maandalizi ya upimaji wa darasa la nne.